Winchi Iliyorudi Baba Dogo

Karakana ya Wachira, pale mtaani Baba Dogo, ilitengeneza winchi za kuteremsha wachimba dhahabu mashimoni, na mtaa mzima ulikula kwa winchi hizo. Truphena, muuza chakula wa kibandani, aliongeza sufuria ya pili ya madondo. Mwenye ploti aliongeza ghorofa, na kodi nayo akaipandisha, angeachaje? Hata wauza vyuma kuukuu walivaa viatu vya maana.

Karakana ilikuwa na desturi yake. Winchi haikutoka getini kabla fundi aliyeichomelea hajaning'inia kwenye ndoano yake, miguu hewani, wenzake wakimpigia makofi. Okinyi, fundi mnene na mcheshi kupita wote, aliipenda sana desturi hiyo.

"Ikinibeba mimi, itabeba Kenya!" alizoea kusema.

Isipokuwa siku ile moja. Oda zilikuwa zimefurika, stima ikapotea hadi jioni, lori la mteja likapiga honi mpaka Wachira akapandwa na hasira. Okinyi akaiachilia winchi iende hivyo hivyo. Wiki haikuisha, redio ikatangaza kwamba winchi imekatika huko magharibi mwa Kenya na vijana wamefia shimoni. Winchi ya nani, haikusemwa.

Tangu hapo Okinyi hakupata raha. Akila anasikia mnyororo ukishuka, akiwa kanisani anausikia. Aliogopa, tena aliona haya kuogopa. Kwa kila winchi akawa ananing'inia mara mbili, mara tatu, wenzake wakimcheka. Alitaka tu kujua kama ile ilikuwa yake.

Jana lori lilileta winchi ya kutengenezwa. Okinyi aliipangusa matope, akaona alama aliyogonga kwa patasi kwenye kila kazi yake. Kando ya alama, pale alipochomelea, chuma kilikuwa kimeachana.

"Ndiyo hiyo ilituulia watu," dereva akasema. "Ichomelee haraka, buda, kuna wasee wanangoja kushuka shimoni."

Aliichomelea polepole. Kisha akaishika ndoano, wenzake wakamwinua. Makofi yakalia.

"Imeshika! Shuka basi," Wachira akasema.

Okinyi hakushuka. Machozi yalimtiririka mbele ya watu wote.

"Walikuwa wangapi kwa mnyororo?" alimuuliza dereva.

"Watatu."

"Basi wawili waje tuning'inie hapa pamoja."

Makofi yakakatika. Kila mtu aliangalia viatu vyake, na hakuna aliyesogea.