Mama Jeska na Milimita Tisa

Watu wa Bweri, pale Musoma, wanamjua Wegesa kwa mambo mawili: maziwa yasiyochanganywa maji, na mdomo usiochanganywa sukari. Ukimkuta asubuhi zizini nyuma ya nyumba yake, ameinama ubavuni mwa ng'ombe na ndoo katikati ya magoti, usimsalimie kwa kirefu. Atakujibu, lakini hatageuza shingo. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka saba, kwao Butiama, na sasa ana hamsini na nne. Vidole vyake ni vifupi na vinene, na akikupa mkono kanisani siku ya Jumapili utakumbuka mpaka Jumatatu.

Mumewe Mseti ndiye aliyemwingiza kwenye biashara ya ng'ombe. Kwa miaka ishirini na sita walizunguka pamoja minada ya Bunda na Butiama, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mseti alichagua. Alipapasa mgongo, akatazama meno, akaminya ubavu, kisha akasema huyu ana mimba ya miezi mitano. Na kweli, miezi minne baadaye ng'ombe anazaa. Wegesa alibishana bei, na muuzaji alipoondoka alikuwa hajui vizuri kama ameuza au amenyang'anywa. Mtoto wao mmoja, Jeska, walimsomesha kwa kazi hiyo mpaka akawa nesi Mwanza.

Na kiunoni mwa Mseti, chini ya koti, ilikaa bastola yenye leseni. Kwa miaka yote hiyo ililia mara moja tu. Walikuwa wanarudi kutoka Bunda, wakazuiwa upande wa Guta na wanaume watatu wenye mapanga. Mseti alipiga risasi moja juu, na wale mashujaa wakatoka mbio mpaka mmoja akaacha ndala. Wegesa aliziokota ndala zile, akazivaa zizini mpaka zikaisha.

Mambo yaliharibika mwaka juzi, kwa sababu ya kamba. Mseti alikuwa amejizungushia mkononi kamba ya dume jekundu, kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwagombeza wenzake kila siku. Honi ya lori ikalia, dume likashtuka, likaondoka na kamba yake. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukatika, lakini vilivunjika na kuchanika, na vilipopona vilipona vibaya: vimejikunja kuelekea kiganjani, vigumu, havifunguki wala havibani. Vilivyobaki na uhai ni gumba na kidole cha shahada.

Tangu hapo mkono ule ulihamia mfukoni mwa koti. Kanisani alisalimia kwa kushoto. Akioga, alijifungia. Bastola aliipeleka polisi mwenyewe wakaitunze, na mnadani hakurudi tena.

"Siwezi kukupeleka porini hivihivi," alimwambia mkewe. "Siku wakitokea tena wale, nitawapiga na nini? Na kofia?"

Hilo lilikuwa na ukweli wake. Lakini Wegesa hakuolewa jana. Alijua mumewe anaogopa wanaume wa mnadani waliokuwa wakimwita bingwa, kwamba watautazama ule mkono. Mtu aliyekuwa hatulii akawa wa kukaa barazani kutwa nzima, akisikiliza matangazo ya vifo redioni. Wegesa alimpenda mwanamume yule, alimpenda sana, na ilimuuma kumwona anazeeka kwa wiki badala ya kwa mwaka.

Siku Mseti alipotamka kwamba biashara aachiwe Gasper, mdogo wake, ambaye hawezi kutofautisha ng'ombe mwenye mimba na ng'ombe aliyeshiba, Wegesa aliweka mwiko chini.

"Baba Jeska, nipe mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Nitaomba leseni ya bastola mimi. Nikipata cheti cha mafunzo, tunaendelea. Nikishindwa, mpe Gasper, na mimi sitasema neno."

Mseti alikubali, labda kwa sababu kumsikia mkewe akiahidi kutosema neno kulikuwa kitu kipya.

Barua ya serikali ya mtaa ilipatikana, na maswali ya polisi yakajibiwa. Likabaki somo la bastola yenyewe, na hapo Bweri nzima ikageuka kuwa wataalamu. Mwenye duka la dawa alisema mwanamke achukue ndogo kabisa, ya risasi nyembamba, kwa sababu kubwa itamwangusha chali. Mwenyekiti wa kwaya alisema hivyohivyo. Dereva wa bodaboda alimweleza habari za shangazi wa mtu fulani aliyevunjwa bega.

Mwalimu alikuwa Danford, sajenti mstaafu wa polisi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifundishia kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Musoma, nyuma ya yale mawe makubwa. Jumamosi ya kwanza alipanga mezani bastola tatu zisizo na risasi. Ya kwanza ilitosha kwenye kiganja, ya risasi za milimita saba nukta sita tano. Ya pili ilikuwa nyepesi pia, ya risasi ya milimita tisa ile fupi. Ya tatu ilikuwa fupi lakini nene, nzito, ya milimita tisa kamili.

Wegesa alichukua ile ya kiganjani, kama Bweri ilivyomshauri. Danford akaitia risasi, naye akaipiga. Ikamng'ata kwenye nyama ya kati ya gumba na kidole, akaruka.

"Kadogo hivi kanauma namna hii?"

"Ndiyo, mama," alisema Danford. "Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma. Ikiwa nyepesi, teke lote linaishia mkononi kwako. Hii nzito inakunywa sehemu ya teke yenyewe. Jaribu."

Alijaribu ile ya kati, ambayo nayo ilimchapa. Akajaribu ya milimita tisa kamili. Mlio ulikuwa mkubwa zaidi, ila mkononi ilisukuma tu, haikung'ata. Mwenye duka la dawa angekuwepo angeambiwa maneno yake.

Lakini shida haikuishia hapo. Bastola zote tatu, kwa Jumamosi mbili, zilitupa risasi mahali palepale: chini, upande wa kushoto. Karatasi ya shabaha ilibaki safi katikati kama shuka la wageni. Danford alimsogeza miguu, akamnyoosha viwiko, akamweleza kuegemea mbele kidogo na kuufunga vizuri mkono wa kushoto juu ya wa kulia. Teke likapungua kweli. Risasi zikaendelea kwenda chini kushoto.

Ikabaki Jumamosi moja. Siku hiyo Wegesa alimtoa Mseti barazani kwa nguvu.

"Twende unisindikize. Kama nashindwa, unione nikishindwa, usije ukasimuliwa na Gasper."

Mseti akaenda, akakaa kwenye benchi nyuma ya mstari, mkono mfukoni.

Danford alikuwa amefikiria wiki nzima. Alichanganya kwenye magazini risasi za kweli na risasi bandia zisizolia, bila kumwambia mwanafunzi zipi ziko wapi. Wegesa akapiga moja, ikalia. Akavuta ya pili: kimya. Lakini mdomo wa bastola uliinama chini kushoto, wote wakauona.

"Umeona, mama?" alisema Danford kwa upole. "Haijalia, na bado imeinama. Teke halijafika, wewe umeshalikimbia. Ni woga. Wengi wanakuwaga nao, si aibu."

Ni neno ambalo hakupaswa kulitumia.

"Woga?" Wegesa aliweka bastola mezani taratibu, mtutu ukitazama shabaha kama alivyofundishwa, maana hasira ni hasira na sheria ni sheria. "Mwalimu, mimi nimetoa ndama aliyekaa vibaya tumboni, usiku, peke yangu. Nimezaa Jeska kwenye lori la viazi. Kitu kinachosukuma hivi tu ndiyo nikiogope?"

"Basi sijui, mama," Danford alikiri. "Cheti siwezi kukuandikia hivi. Siwezi. Nitakuwa nimekudanganya."

Wegesa hakumwonea aibu Danford. Alikuwa anaona baraza lile, na redio, na mumewe akitajiwa vifo vya watu asiowajua mpaka siku atajwe yeye.

"Haogopi huyo," ilisema sauti nyuma yao. Mseti alikuwa amesimama. "Anakamua."

Danford akageuka. Yeye alizaliwa kwenye visiwa vya ziwa, kwa wavuvi, na ng'ombe alimjua akiwa tayari sahanini. "Anakamua nini, mzee?"

"Ng'ombe. Muangalie vidole. Mimi nimemuona akikamua miaka yote hii, nalijua jambo lake. Anaanza hapa juu na hiki cha shahada, halafu hiki kinafuata, na hiki, na hiki, mpaka cha mwisho. Maziwa yanashuka chini. Sasa na bastola anafanyaga vilevile. Akivuta triga, vingine vyote vinakuja kusaidia. Ndiyo maana inainama."

Wegesa alitazama mkono wake kama wa jirani. Akakunja kidole cha shahada hewani. Wenzake watatu wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kabisa, bila kutumwa.

"Haa!" alisema. "Na hivi vimetumwa na nani?"

Danford akajaribu kumwonyesha kwa mkono wake, lakini kila alipomwambia abane tu kidole kimoja, Wegesa alibana vyote. Miaka arobaini na saba haiondoki kwa kuambiwa. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso. Mwalimu akatazama saa.

Ndipo Mseti aliposogea mezani. Alisimama kidogo, akameza mate. Kisha akatoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juani, mbele ya sajenti mgeni, ukiwa na makovu yake yote.

Danford akakagua bastola nzito mara mbili kwamba haina kitu, akaielekeza kwenye shabaha. Mseti hakuweza kuibeba, kwa hiyo mwalimu aliishikilia kwa chini. Wale watatu waliojikunja wakakaa kwenye mpini kama walivyo, wamekauka. Kidole cha shahada kikaingia kwenye triga.

"Angalia, Mama Jeska. Hivi vitatu vimekufa. Hata nikivigombeza haviji. Anayefanya kazi ni huyu tu."

Akavuta. Triga ikarudi polepole, ikabofya. Mdomo wa bastola haukutikisika hata unywele.

"Tena," alisema Wegesa, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Akavuta tena. Wegesa aliutazama ule mkono ambao hakuruhusiwa kuuosha wala kuupaka mafuta kwa zaidi ya mwaka mzima. Alitaka kuushika aubusu hapohapo, lakini alijua akifanya hivyo mumewe ataurudisha mfukoni na hautatoka tena. Kwa hiyo akaangalia alichoonyeshwa, kama mwanafunzi.

Zamu yake ilipofika, Mseti alilaza kile kidole chake juu ya vifundo vya vidole vitatu vya mkewe, kwa wepesi, ili ajue vinapotaka kuamka. Bastola haikuwa na kitu. Wegesa alivuta. "Kimeamka cha mwisho," Mseti alisema. Akavuta. "Cha kati." Akavuta, akavuta, mpaka Mseti akanyamaza. Alivuta mara nyingine kumi na Mseti bado kanyamaza.

"Weka risasi, mwalimu," alisema Wegesa.

Alipiga kumi za milimita tisa kamili. Mbili zilikwenda zilikozoea. Nane zilikaa katikati, zimesogeleana, ukizifunika kwa kisahani cha chai hazionekani. Danford alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akahesabu tena.

"Kwenye fomu niandike ipi, mama? Ile ndogo waliyokushauri?"

"Andika tisa. Ile ndogo mpe mwenye duka la dawa."

Danford akaandika, akapiga muhuri, akamkabidhi cheti kwa mikono miwili. Mseti akakisoma chote, mpaka tarehe. Alifurahi, ilionekana. Kisha akakirudisha na kurudi nyuma hatua moja.

"Basi vizuri," alisema. "Nitamwambia Gasper asahau. Wewe sasa unajitosha. Leseni ikitoka utatafuta mtu mmoja wa kukusaidia kuswaga, na mimi nitaangalia nyumba."

Wegesa alimtazama mtu huyu, mzima, mwenye akili zake, aliyetoka kumfundisha kitu kilichomshinda sajenti, akijiondoa mwenyewe kwenye maisha yake kama anayeaga msibani. Hasira ikampanda, na nyuma ya hasira machozi.

"Mseti," alisema, na jina hilo hakulitumia mara nyingi. "Hii bastola inajua ng'ombe yupi ana mimba?"

"Haijui."

"Inajua meno? Inajua dume lipi litaniua na lipi linatisha tu? Unafikiri nimekuja hapa Jumamosi tatu, nimechubuka mkono, nimeambiwa muoga na mtoto wa wavuvi, nisamehe mwalimu, kwa sababu ya chuma? Sikuja kutafuta bastola mimi. Nimekuja kukutafuta wewe."

Danford aligundua ghafla kwamba karatasi za shabaha zilihitaji kukusanywa, akaenda kuzikusanya, mbali.

Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha ncha za koti la Mseti. Alitazama mikono yake, yote miwili, kisha akatazama upande wa barabara ya Bunda.

"Leseni ikitoka," alisema hatimaye, "tutaanzia Bunda. Kwenu Butiama mna maneno mengi."

"Haya," alijibu Wegesa, akatangulia kwenda kwenye pikipiki waliyokuja nayo, asionekane anavyofuta macho.