Kopo la Kificho

Kificho wa Chukwani, mswaga gari la ng'ombe tangu ujanani, alinunua farasi mchanga aliyekonda kutoka hoteli iliyofungwa Jambiani. Hakuna aliyejua kama aliwahi kupewa dawa ya minyoo.

"Lete kinyesi chake tukipime kwanza," daktari wa mifugo alimwambia. "Minyoo mingi ikifa kwa mpigo itaziba utumbo."

"Nibebe mavi niyapeleke mjini kama tunu?" Kificho alibeua. Mama yake kila Shaabani aliwanywesha wanawe haluli, wakaharisha siku moja, matumbo yakasafika, basi! Akamnywesha farasi kopo zima la dawa kali ya minyoo.

Asubuhi farasi aligaagaa mchangani, tumbo limevimba. Adhuhuri akafa.

"Pole, kazi ya Mungu," majirani walimwambia.

"Mungu msimsingizie!" Kificho aliwakemea. "Mkono uliomnywesha ni huu hapa."