Marashi Chumbani kwa Mzazi

Kliniki nzima walimwita Pua, na mwenyewe aliitika. Chupa ya mjamzito ikipasuka, mkunga huyu hunusa kwanza, salamu baadaye. Maji yakitoa harufu mbaya, hapo hakai mtu mpaka daktari aitwe. Manesi walimtania kwamba hata kuolewa, alimnusa mume kwanza ndipo akamkubali.

Alasiri moja alikwenda kumjulia hali mzazi aliyemzalisha wiki hiyo. Mlangoni akapokewa na marashi, loo, ungedhani duka zima limemwagika.

"Mkwe wangu hanuki kama wazazi wengine," mama mkwe akajisifu. "Nimenyunyiza mpaka godoro."

Pua akavuta pumzi. Hakunusa kingine chochote, na hilo likamtia hofu.

Mzazi alikuwa ameketi kitandani, anachekeana na kiti kitupu.

"Anaongea na mamake tangu asubuhi," mama mkwe akanong'ona. "Marehemu mamake." Yeye mwenyewe ndiye aliyekiwekea kiti kile kikombe cha chai, mgeni asije akanuna.

Pua nywele zikamsisimka. Hata hivyo akamshika mzazi mkono: moto! Mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Alipombonyeza chini ya kitovu, mzazi akapiga ukelele. Pua akafunua shuka, akainama karibu kabisa, na chini ya marashi akaukuta uvundo.

"Mama, hii si mizimu. Kizazi kimeingia vijidudu, na homa imempanda kichwani. Hospitali, sasa hivi!"

"Mama amekataa," mzazi akasema taratibu, macho kwenye kiti. "Anasema nilale tu."

Wakajaribu kumwinua, akang'ang'ania kitanda kwa nguvu zisizo zake. Basi Pua, asiyeamini mambo hayo hata chembe, akakigeukia kiti.

"Dada yangu, kwa heshima zote. Mjukuu wako bado ananyonya. Turuhusu."

Mzazi akatega sikio, kisha akakiachia kitanda.

"Amekubali. Atatutangulia hospitali."

"Asitutangulie!" Pua akafoka, akakimbia mwenyewe barabarani kusimamisha gari.

Daktari alikuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani. Wakakitoa, wakamtundikia dripu za dawa, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kusema atapona. Homa iliposhuka, mzazi alizungusha macho wodini, akaanza kulia kwa kwikwi.

"Mama ameondoka. Hayupo tena."

Pua akamlaza mtoto kifuani pa mzazi. Maisha yake yote hakuwahi kufurahia msiba wa mtu namna ile.