Bwana Upepo Akataa Presha

Gereji nzima walimwita Bwana Upepo, na jina lilimkaa. Tairi la toroli, tairi la lori, yeye akilipiga teke tu anajua limeshiba au lina njaa. Ila siku za karibuni alikuwa anasinzia kazini. Juzi alisinzia huku kompresa inajaza tairi la lori, likavimba, nusura lipasuke. Tajiri akamwambia, "Ukisinzia tena, fundi, nenda kalale kwako moja kwa moja."

Si uvivu, na mtu asiniambie. Daktari alikuta koo lake linaziba akilala, pumzi inakatika, anashtuka, anakoroma, basi ni hivyo mpaka asubuhi. Akapewa mashine ya kusukuma hewa puani. Akaivaa. Wapi! Alikoroma vilevile, na mkewe akabaki kulala kwenye kochi.

Wakarudi hospitali wote wawili. Nesi akachomeka mashine, akatazama kioo chake, akasema, "Baba, presha iko chini. Leo tunaipandisha."

Mzee akasimama wima. "Ipandishwe? Binti, wenzangu wanameza vidonge ishuke, wewe unataka kunipandishia? Mama watoto, chukua mkoba, twende zetu."

"Keti, mume wangu, unatutia aibu."

"Aibu haizikwi, nitazikwa mimi!"

Nesi alicheka mpaka akashika meza. "Si presha ya damu, baba. Ni ya mashine. Upepo tu huo, hautoshi, ndiyo maana koo linajifunga."

"Upepo?" Akaketi taratibu. "Sasa si ungesema upepo! Mmenijaza kama baiskeli, na shingo hii ni ya lori."

Akalazwa kitandani, maski usoni, nesi akapandisha kidogo kidogo.

"Hapa unavuja," mzee akasema, akigusa pembeni mwa pua. Nesi akakaza mkanda. "Ongeza. Ongeza tena... Basi, binti! Hapo hapo."

Haikupita wiki, mkewe akahama kochi, akilalamika eti chumba kimekuwa kimya mno, hapati usingizi.

Na gereji, lori lilipoingia, tajiri alikuja kusimama karibu, mikono nyuma, anamvizia. Bwana Upepo akajaza matairi yote, macho makavu, akalipiga la mwisho teke.

"Leo husinzii, fundi?"

"Nani, mimi? Mimi nimeshajazwa, tajiri. Kagua wengine."