Breka ya Thelathini na Mbili

Mtaani walimwita Bwana Haiwezekani, naye hakukasirika. Fundi umeme aliyefikisha miaka hamsini akiwa bado na vidole vyote kumi anaweza kuitwa chochote. Wenye viyoyozi vikubwa aliwaambia jambo lile lile: mashine hii haichomekwi kwenye soketi ya pasi. Hupewa waya wake mnene kutoka kwenye boksi la umeme, na breka inayolingana na waya huo, ili mzigo ukizidi, breka ijikate kabla waya haujaungua. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamwita fundi mwingine.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alimwita yeye. Kumwita mwingine ingekuwa aibu. Alikuwa amenunua kiyoyozi cha ukubwa wa ukumbi, akakifunga chumbani kwa mama yao, mgonjwa wa moyo asiyehimili joto. Kila baada ya dakika kumi breka ilijikata.

"Weka kubwa zaidi, shemeji. Hii ya ampea ishirini ni dhaifu."

"Si dhaifu. Inakwambia waya ni mwembamba. Tupasue ukuta tupitishe mwingine."

"Ukuta nimepaka rangi juzi."

"Rangi hupakwa tena."

"Na mama je?" mkewe akadakia. "Amelowa kama nguo ya kufua. Ukaidi wako leo umeuleta mpaka kwa mama yangu?"

Mama mkwe alikuwa kitandani, anahema. "Mwacheni mwanangu," alisema. "Anajua kazi yake."

Makelele angeyastahimili. Imani ya mama mkwe ndiyo iliyomshinda. Akafunga breka ya thelathini na mbili juu ya waya ule ule, mpaka Jumamosi tu, atakapokuja na waya na patasi. Chumba kikapoa. Mama mkwe akalala vizuri siku tatu, akamwombea dua mara mbili.

Alhamisi mchana, mama mkwe akiwa peke yake nyumbani, ukuta ulishika moto kwa ndani. Breka haikujikata, haikuona sababu.

Baada ya maziko alikuja mkaguzi wa zimamoto na boksi lililoungua ndani ya mfuko wa nailoni. Shemeji akawahi kusema, "Mashine za siku hizi ni feki, mzee." Mkewe alitazama sakafu. Mlango wa kukwepa lawama ulikuwa wazi, na kiwanda kilichounda mashine kiko mbali, hakina ndugu wa kukitetea.

"Mashine ni nzima," fundi akasema. "Waya ulikuwa wa breka ya ishirini. Hiyo ya thelathini na mbili nimeifunga mimi."

Mkewe akainuka, akaenda kukaa upande wa kaka yake. Mkaguzi akatoa kalamu, akamwomba arudie polepole.

Akarudia.