Mzazi wa Ishirini

Nyamizi hakuwahi kuvua viatu kabla hajaandika kesho yake. Akitoka zamu alisimama mlangoni, begi likiwa bado begani, akaegemeza diari kwenye fremu na kuandika: ataamka saa ngapi, atasoma nini, atafua nguo zipi. Siku moja nilimuuliza kwa nini asikae kwanza. Alisema mtu akishavua viatu huanza kujihurumia, na kesho yake huwa fupi.

Diari yenyewe ilikuwa ya mwaka uliopita. Aliinunua sokoni Kahama kwa bei ya chee, akakata siku zilizochapwa na kuandika za mwaka huu juu yake, ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho. Baba yake, mzee Telesphori, alikuwa mkulima wa mpunga upande wa Ushirombo, na kwao hakuna aliyewahi kufika chuo. Nadhani ndiyo maana aliogopa kupoteza hata nusu saa.

Alisomea uuguzi na ukunga katika chuo kimoja cha binafsi pale Nyahanga. Walimleta kwenye kituo chetu cha afya, si mbali na Rwamgasa, kwa miezi miwili ya mafunzo. Alilala kwangu. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la vitendo: azalishe wazazi ishirini kwa mikono yake, na kila mmoja asainiwe na msimamizi. Msimamizi nilikuwa mimi, mkunga wa kituo. Asiyefikisha ishirini hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani anasubiri mwaka mzima. Daftari lilitakiwa chuoni Ijumaa asubuhi, kwa hiyo ilimpasa kuondoka Alhamisi kwa gari la saa nane mchana.

Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa na kumi na tisa.

Katika orodha ya kliniki alibaki mmoja tu aliyekaribia: Suzana, mke wa Amosi mchimbaji. Siku yake ilikuwa Jumanne, na Nyamizi alishaiandika kwenye diari tangu mwezi uliotangulia. Jumanne ikafika, saa nne, saa sita, Suzana hajaonekana. Nyamizi hakuweza kukaa. Alimchukua Vumilia, mhudumu wetu, wakaenda nyumbani kwa akina Amosi. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Vumilia.

Walimkuta mama mkwe, Mama Amosi, akipepeta mchele uani pamoja na majirani wawili. Suzana alikuwa amekaa kando, miguu imemvimba.

"Mwadila, mayu. Shikamoo, mama," Nyamizi akasalimia kwa Kisukuma.

"Marahaba. Karibu kiti, binti wa hospitali."

Hakukaa. Alifungua diari palepale. "Suzana, leo ndiyo siku yako. Nimekuandika hapa. Hujasikia hata kiuno kuuma?"

Huku kwetu siku ya kujifungua haisemwi. Hata mume akiulizwa hujibu "bado bado" mpaka mtoto alie. Kliniki tunaandika tarehe, lakini mwanamke huifunga kadi yake ndani ya kanga, wala haifunguliwi mbele ya watu. Nyamizi alilijua hilo vizuri. Kwao Usumbwa pia wananyamaza vivyo hivyo. Lakini alikuwa ameishi muda mrefu mno na siku zenye mistari, na mstari ulikuwa umeanza kuonekana kwake kitu kisicho na dhambi.

Mama Amosi akaweka ungo chini. "Umemwandika?"

"Mama, ni kwa ajili ya..."

"Mkamwana wangu ni mnada, atangaziwe siku? Jumanne hii ng'ombe, Jumanne ijayo Suzana?" Majirani wakacheka. Yeye hakucheka. "Toka na kitabu chako."

Jumatano hakuja mzazi yeyote. Nyamizi alifagia chumba cha kujifungulia mara tatu.

Alhamisi saa mbili asubuhi bajaji ikasimama mlangoni. Suzana alishuka akiwa amemshika mama mkwe wake shingoni. Nilimpima: njia ilikuwa imefunguka sentimita tano, na huyo alikuwa mtoto wake wa pili. Mpaka gari la saa nane muda ulitosha kabisa. Nyamizi alikuwa ameshavaa glavu.

"Huyo asimguse," alisema Mama Amosi.

Ningeweza kujibu kwamba hapo ndani anayepanga ni mimi. Lakini mwaka mmoja kabla, neno kali la nesi wetu lilimfanya mwanamke mmoja ajifungulie nyumbani, na nilipofikishwa kwake nilikuwa nimechelewa. Nikavaa glavu zangu. Hilo likawa jibu.

Nyamizi alitoa diari mfukoni, akachana ukurasa wa Jumanne, akapiga magoti na kuutoa kwa mikono miwili. "Nimekosa, mayu. Nilijua, na bado nikafanya."

Mama Amosi aliupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga. "Umelelewa," alisema. "Nimekusamehe. Lakini leo hutamgusa."

Nyamizi akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akatoka.

Saa tano. Saa sita. Kila nilipoinua macho dirishani nilimwona: amekaa kwenye benchi, amesimama, amekaa tena. Wakati mmoja aliuliza kupitia mlangoni, "Sista, mapigo ya mtoto?" Nikamjibu ni mazuri. Hakuuliza tena. Hakuna mzazi mwingine aliyekuja. Saa saba na robo Suzana alijifungua mtoto wa kike, mikononi mwangu.

Nilinawa, nikamfuata benchini. Nilichukua daftari lake, nikafungua mstari wa ishirini na kuandika tarehe. Yeye alitazama kalamu. Nilikuwa nimeanza herufi ya kwanza ya jina la Suzana alipoweka kiganja juu ya karatasi.

"Uliandaa vifaa vyote," nilimwambia. "Ulikuwepo."

"Nilikuwa nje."

"Nani atajua chuoni?"

"Mama Amosi anajua. Amenikataza nisimguse. Nikiandikwa kwamba nilimzalisha, nitakuwa nimemwandika mara ya pili." Akanisogezea daftari. "Acha, sista. Kata."

Nikakata.

Ijumaa alipeleka daftari lenye kumi na tisa, wakamrudishia. Alisubiri mwaka mzima, akapanda mpunga na baba yake, kisha akafanya mtihani akafaulu. Sasa yuko kituo kimoja mbele ya Ushirombo. Hatujaonana tena.

Alhamisi ile nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikimbebea begi. Dereva alikuwa ameshawasha injini na kondakta anatupigia kelele, ndipo akatoa kichwa dirishani.

"Sista, tarehe ya kliniki ya mtoto mpe Suzana kwa mdomo. Mama Amosi akiwa nje."