Salamu ya Tatu

Nina shahada mbili za usimamizi wa watu, na nimezitundika ofisini mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuziona. Nazitaja mapema ili ijulikane kwamba niliyoyafanya sikuyafanya kwa kukosa shule.

Hoteli ninayofanyia kazi iko Diani, na mimi ndiye mwangalizi wa wafanyakazi. Kwa miaka mingi asubuhi yangu ilikuwa ni kuzunguka: jikoni, bustanini, mapokezi, na mwisho chumba cha dobi. Mkuu wa dobi ni mzee wa Mwabungo, mrefu, mwenye vidole vilivyochujuka kwa sabuni. Yeye ni mkubwa wangu kwa umri, mimi mkubwa wake kwa mshahara, na aibu hiyo tuliibeba vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniita profesa kwa sauti ambayo mtu humwitia paka "simba".

Huku kwetu salamu haina haraka. Ukiniuliza habari, nitakwambia njema. Ukiniuliza za nyumbani, nitakwambia hawajambo, alhamdulillahi, hata kama paa linawaka moto. Hayo si majibu, ni adabu, kama kuvua viatu mlangoni. Ni pale unapouliza mara ya tatu, ukamtaja mtu mwenyewe, "Na mama watoto je?", ndipo mwenzio hukohoa kidogo akakwambia lililopo. Nilizaliwa Munje, pwani hii hii. Jambo hili sikulisoma chuoni, nilikua nalo.

Kisha wakubwa wakatuletea programu ya akili bandia. Ilipanga zamu zote yenyewe, na kila alfajiri ilimuuliza kila mfanyakazi kwenye simu: Umeamkaje leo? Chini yake palikuwa na vitufe viwili, salama na si salama. Atakayebonyeza cha pili, nitaarifiwa mara moja. Niliipenda mno. Nilikuwa na goti bovu na kiti kizuri. Nikaacha kuzunguka.

Kila asubuhi kioo changu kilikuwa kijani kitupu. Wote salama. Niliwapelekea wakubwa ukijani ule kama mtu anayepeleka mavuno, nikasifiwa. Nikaalikwa hata Ukunda, kuwahutubia mameneja wenzangu juu ya thamani ya utu kwa kiongozi katika zama za mashine: huruma, subira, kusikiliza. Juu ya kusikiliza nilisema karibu saa nzima bila kumruhusu mtu aulize swali. Hotuba yenyewe niliandikiwa na programu ileile.

Asubuhi moja ikanifikia arifa: mkuu wa dobi anaomba ruhusa ya siku tatu, amefiwa na mkewe. Chini ya arifa palikuwa na rambirambi iliyokwisha kuandikwa, imebaki kubonyezwa tu. Niliisoma. Ilikuwa nzuri kuliko ambayo ningeiandika mimi. Nikabonyeza. Maiti ilizikwa siku ileile baada ya sala ya adhuhuri, nami nilikuwa kwenye mkutano.

Nilikwenda kuhani siku ya tatu, siku ya hitima. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka nje ya nyumba. Nilivua viatu, nikawapa mkono mmoja mmoja mpaka nikamfikia yeye.

"Shikamoo, mzee wangu. Pole sana."

"Marahaba. Tushapoa, profesa."

Shemeji yake, mtu mnene mwenye tasbihi, alinitazama kutoka chini hadi juu. "Kumbe ndiye huyu? Yule wa ule ujumbe?"

"Ndiye," mzee akasema.

"Mashallah. Tulisomewa hapa sote. Kiswahili kama cha redioni! Nikasema, huyu lazima alilia sana alipokuwa akiandika."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha matangani kinachofunikwa kwa kiganja. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Baada ya ubani kuzimwa na watu kuanza kuondoka, mzee alinisindikiza mpaka barabarani. Hapo ndipo nilipojua. Mkewe alikuwa akienda hospitali Msambweni kila Jumanne asubuhi, kwa miezi. Jumanne asubuhi ndipo wageni wengi huondoka kwetu na mashuka hurundikana, na programu, ambayo haikosei hesabu, ilikuwa imemweka mkuu wa dobi zamu ya asubuhi kila Jumanne. Zamani zamu nilikuwa nikizipanga kwa penseli, nami ningefuta na kuandika upya kwa nusu dakika.

"Alikuwa akienda peke yake," akasema. "Foleni pale ni ndefu. Hakupenda kukaa na watu asiowajua. Nilitaka nikae naye tu, sikuwa na la zaidi."

"Mbona hukubonyeza kile kitufe kingine?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mbona hakupita uchi sokoni.

"Nimeulizwa nimeamkaje, nijibu sikuamka salama? Mtu hajaniuliza hata za nyumbani?" Akanigeukia. "Wewe ni mtu wa Munje. Nilikuwa nikisema, profesa anajua. Atakuja kuuliza."

Nilisema pole tena, na yeye akasema tushapoa tena. Sijui kama Jumanne zile zingemrefushia mkewe maisha. Mzee hakusema hivyo, wala sitajitwika wala kujitua nisilolijua. Najua tu kwamba palikuwa na kiti kitupu kando ya mwanamke mgonjwa, na aliyetaka kukikalia alikuwa kwangu, akikunja mashuka.

Programu ingalipo. Kioo kingali kijani. Lakini siku hizi nazunguka tena, goti na kila kitu, na mwisho wangu ni chumba cha dobi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

"Njema."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

Kisha nauliza la tatu. Mama watoto hayupo tena wa kumtaja, kwa hiyo namtaja yeye mwenyewe. "Na wewe je, mzee wangu?"

Hukung'uta shuka, akalinganisha pembe na pembe, taratibu, kama anayenipa muda wa kuondoka.

"Salama," hunijibu.